Vidole viwili vya Mwenda

Wadau, juzi hapa Rwamishenye washkaji wapenda rock walikuwa wanabishana: solo gani ya gitaa ni kali kuliko zote? Mmoja aking'ang'ania "Maggot Brain" ya Funkadelic, ya 1971. Sikumpinga sana. Ni dakika kama kumi za gitaa la Eddie Hazel, na inasimuliwa kuwa George Clinton alimwambia apige kana kwamba ameambiwa mama yake amefariki. Baadaye Clinton akawashusha sauti wapigaji wengine kwenye mitambo, gitaa likabaki linalia karibu peke yake.

Mimi nikamtaja Mwenda Jean Bosco. Kimya! Hakuna aliyewahi kumsikia, na huyu mtu aliimba kwa Kiswahili.

Haya, twende Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodia, alifika Jadotville, mji wa migodi ambao leo ni Likasi. Akamkuta kijana mzaliwa wa Bunkeya, umri miaka ishirini na kidogo, na gitaa kavu. Miongoni mwa alivyorekodi ni "Masanga", na toleo linalosifiwa zaidi ni gitaa tupu. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna wa kupunguzwa sauti.

Lakini ukisikiliza utaapa wapo watu wawili. Kumbe mkono wa kulia unatumia gumba na kidole cha shahada, basi. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inachezea nyembamba, tena mara nyingi haitui pale gumba linapotua. Sikio linahesabu mbili na tatu kwa pamoja (jaribu kugonga mguu uone kama hutapotea). Mzunguko ni mfupi, unarudi na kurudi, ila kila ukirudi Mwenda ameubadilisha kidogo. Ndiyo maana siamini kama kuna siku aliketi akaitunga ikaisha. Alikuwa anaitunga huku anapiga, na santuri za wakati ule zilimpa kama dakika tatu tu. David Rycroft, msomi wa London, aliiandika noti kwa noti kwenye jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Na sisi? Mwenda alijiita Mwenda wa Bayeke. Bayeke ni watu wa Msiri, yule Mnyamwezi aliyetoka upande wetu huu karne ya 19 akajenga dola lake Bunkeya. Kwa hiyo tusimwone mgeni. Alifika hadi Nairobi, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakaiga vidole vyake. Tracey alitoa santuri zake kwa kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, nembo Gallotone, na mpaka leo wazee wetu gitaa kavu wanaliita "galatoni". Nembo tumeikumbuka, mpigaji tumemsahau. Hiyo inaniuma, maana mwaka 1969 Wamarekani walimwalika tamasha la Newport, na baadaye Mwingereza John Low akasafiri mpaka Lubumbashi ili afundishwe naye.

Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Mkiitafuta mtandaoni, chagueni ile ya 1952 isiyo na kuimba. Vaeni hedifoni.