Jembe na Kengele

Kila alfajiri hapa Tunduma huamshwa na ngurumo za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Nami, mzee niliyezoea kengele ya shule, huiwaza kengele nyingine, ile ya monasteri.

Ndugu msomaji, katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake huko Italia, akaigawa siku ya mtawa kati ya sala, kusoma na kazi ya mikono. Wakubwa wa Kirumi waliiona kazi ya shamba kuwa ya watumwa na makabwela. Yeye aliwapa jembe wote sawa, na zamu ya jikoni wote wakapokezana. Hata hivyo, utajiri uliingia. Huko Cluny, iliyoanzishwa mwaka 910, ibada zilirefuka na shamba likaachiwa wengine. Mwaka 1098 kundi la watawa likaanzisha Cîteaux ili kuirudia Kanuni.

Kwetu, Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888 na Peramiho mwaka 1898. Walikuja chini ya bendera ya Mjerumani, na jambo hilo lisifichwe. Katika vita vya Majimaji, mwaka 1905, Askofu Kasian Spiss aliuawa na Peramiho ikachomwa moto. Mwaka uliofuata Wajerumani wakawanyonga wakuu wa Wangoni pale Songea. Juu ya majivu hayo Peramiho ilijengwa upya, ikawa abasia mwaka 1931, yenye hospitali, karakana, shule na mtambo wa kuchapa vitabu. Mwaka 1957 ikaanzishwa Hanga kwa ajili ya watawa Waafrika, nayo Hanga mwaka 1979 ikazaa Mvimwa, kule Rukwa.

Kwa nini mwalimu mstaafu ahangaike na mambo haya? Kwa sababu nina deni. Tangu mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tuunganishe kitabu na jembe, na mimi nilipokuwa mwalimu mkuu shule yangu ilikuwa na shamba zuri la mahindi. Lakini mtoto aliyechelewa nilimpa jembe. Aliyepiga kelele darasani, jembe. Mwenye alama nzuri nilimruhusu akapumzike kivulini, nami nikasimama naye hapo hapo. Nilidhani nafundisha kazi, kumbe nafundisha kwamba kazi ni fimbo.

Hivi karibuni nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mkulima wa kahawa kule Mbozi. Akaniamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, ilinichukua miaka mingi kulipenda jembe." Hakusema kwa hasira. Sikuwa na la kujibu.

Sasa wajukuu wakija likizo, tunashika majembe pamoja, mimi nikiwa mbele kwenye mstari. Mgongo unauma, nao wananicheka kwa kuchoka mapema. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mimi nimekunjwa nikiwa mkavu, lakini nimekunjika.