Elimu ya nyumbani kwa watoto wadogo: kuanza na kuchagua mtaala

Elimu ya nyumbani ni mpango ambao mzazi au mlezi anabeba mwenyewe jukumu la kumfundisha mtoto masomo ambayo kwa kawaida angeyapata shuleni. Tuisheni ya jioni haimo humu, wala kazi anayopewa mtoto na mwalimu wake aimalizie nyumbani. Makala hii inahusu watoto wa miaka 3 hadi 8, umri wa elimu ya awali na madarasa ya kwanza. Hapo ndipo mzazi huamua mtoto asome kwa lugha gani na kwa mwendo gani, na ndipo fedha nyingi hupotea kwa vitabu vilivyonunuliwa kabla mtoto hajafahamika.

Chimbuko

Elimu ya nyumbani ya leo ilitokana na familia za aina mbili. Kuna zilizoishi mbali na shule. Mwaka 1906 shule ya Calvert ya Baltimore, Marekani, ilianza kuuza masomo kwa njia ya posta, na baadaye watoto wa wamishonari na wanadiplomasia waliokuwa ng'ambo waliyatumia kwa miongo mingi. Nchini Uingereza, Charlotte Mason (1842–1923) alichapisha kitabu chake kuhusu malezi na masomo ya nyumbani mwaka 1886, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha umoja wa wazazi waliofuata mawazo yake.

Nyingine ni zile zilizokuwa na shule jirani lakini hazikuridhika nayo. Mwalimu John Holt alieleza katika kitabu cha 1964 jinsi watoto wanavyojifunza kumridhisha mwalimu badala ya kuelewa, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la wazazi waliowatoa watoto shuleni. Raymond na Dorothy Moore, katika kitabu cha 1975, walitetea kuchelewesha masomo rasmi ya watoto wadogo. Katika miaka ya 1980 familia nyingi za Kikristo ziliingia katika mkondo huo, na kufikia 1993 elimu ya nyumbani ilikuwa halali katika majimbo yote 50 ya Marekani. Wakati wa korona, Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo ilikuta sehemu ya kaya zenye watoto wa shule zilizofundisha nyumbani imepanda kutoka asilimia 5.4 katika majira ya kuchipua ya 2020 hadi 11.1 vuli ya mwaka huohuo. Kwa kaya za Wamarekani weusi ilipanda kutoka 3.3 hadi 16.1.

Sheria ya mahali unapoishi

Nchini Kenya, Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Anayekiuka anaweza kutozwa faini au kufungwa. Familia zinazofundisha nyumbani zipo na zina jumuiya zao, lakini sheria hiyo haikuzitengea utaratibu wake. Tanzania nayo ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa Sheria ya Elimu ya 1978, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inataja elimu ya lazima ya miaka 10. Mzazi wa Dodoma au Kisumu anayewaza jambo hili azungumze kwanza na mwanasheria na afisa elimu. Mtoto akiwa na miaka 3 bado kuna nafasi ya kupumua. Akiwa na miaka 7 suala hili halikwepeki.

Kwa Waswahili walio ughaibuni hali hutofautiana nchi kwa nchi, na ndani ya Marekani jimbo kwa jimbo. Texas haidai taarifa yoyote: uamuzi wa Mahakama Kuu ya jimbo wa 1994 unaihesabu nyumba inayofundisha kwa dhati kuwa shule binafsi. Minnesota, penye jamii kubwa ya watu wa Afrika Mashariki, hutaka barua kwa msimamizi wa shule za wilaya kabla ya Oktoba 1, pamoja na mtihani wa kila mwaka kuanzia mtoto afikishapo miaka 7. New York hudai mpango wa masomo wa mwaka na ripoti kila robo. Uingereza huruhusu. Ufaransa, tangu 2022, hutaka kibali. Uswidi hukubali kwa sababu za kipekee tu. Ujerumani hukataza, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliunga mkono msimamo huo mwaka 2019, hivyo familia inayohamia huko isijenge matumaini juu ya elimu ya nyumbani.

Mtoto kabla ya kitabu

Sheria ikishafahamika, hatua inayofuata ni kumsoma mtoto. Mzazi ajipe wiki kadhaa bila mtaala wowote: asome hadithi kwa sauti kila siku, atege vitendawili, ampe mtoto kazi ndogo za jikoni na bustanini, na aandike kwenye daftari anachokiona. Je, mtoto anakaa na kitu kimoja kwa dakika ngapi? Anapenda kusikiliza, kushika au kuchora? Anaota na kuomba kwa lugha gani? Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko jaribio lolote la kuingilia darasani, kwa kuwa ndiyo yatakayoonyesha mtaala upi utadumu nyumbani na upi utaishia kabatini.

Aitazame pia kaya yenyewe. Mama anayefungua duka saa mbili asubuhi hawezi kuendesha mtaala unaodai mwalimu akae na mtoto hadi adhuhuri. Lakini watoto wadogo hawahitaji saa nyingi. Mason alisisitiza masomo mafupi, ya dakika 20 au chini kwa watoto wadogo, na alitaka masomo rasmi yasubiri hadi miaka 6. Saa moja ya kukaa mezani, ikigawanywa vipande, humtosha mtoto wa miaka 5. Siku inayobaki ni mchezo, mazungumzo na kazi za mikono. Bibi anayejua ngano, shangazi mshonaji, mjomba fundi seremala: hawa wote ni walimu, na mpango mzuri huwapa siku zao.

Kusoma: Kiswahili kwanza

Hapa ndipo mitaala mingi ya kununua inapowaangusha watoto wetu. Programu za kusoma kutoka Uingereza na Marekani zimejengwa kutatua tatizo la Kiingereza, lugha yenye sauti takriban 44 kwa herufi 26, na sauti moja ikiandikwa kwa njia nyingi. Jolly Phonics, kwa mfano, hufundisha sauti 42, ikianza na kundi la s, a, t, i, p, n. Ni kazi nzuri kwa Kiingereza. Kiswahili hakina tatizo hilo. Irabu zake ni tano, kila moja ina sauti ileile popote ilipo, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Mtoto akishajua a, e, i, o, u na konsonanti chache, anaweza kusoma mama, meza, moto na sime asizowahi kuziona zimeandikwa.

Utaratibu unaofaa ni huu: irabu kwa sauti zake, kisha silabi za konsonanti nyepesi kama ma, ba, ka, ta na la, kisha maneno ya silabi mbili, kisha sentensi fupi. Mara tu mtoto akisoma sentensi, apewe hadithi kamili. Akikaa muda mrefu kwenye chati ya silabi atazikariri kwa wimbo bila kuzitambua ndani ya neno. Sehemu ngumu zije baadaye na zipewe muda: ch, sh, ny, dh, gh na th, tofauti ya ng katika ngoma na ng' katika ng'ombe, silabi kama ngwa na nywe, m inayosimama peke yake katika mtoto na n katika nchi, na maneno kama labda na daktari, ambamo konsonanti hufunga silabi. Tanzania ilikuwa na msingi mzuri kwa hili katika mtaala wa KKK wa 2015 wa Darasa la I na II, uliokazia kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mtoto anayelelewa kwa Kiswahili na kuanzishiwa kusoma kwa Kiingereza hubebeshwa mizigo miwili kwa pamoja: kutambua maandishi, na kubahatisha maana ya neno asilolijua. Mzazi anayetaka mtoto wake aje kusoma shule ya Kiingereza hapotezi kitu akianza na Kiswahili, kwa sababu stadi ya kuunganisha sauti na herufi huhama kutoka lugha moja hadi nyingine. Kinachobaki kufundishwa upya ni tahajia ya Kiingereza. Kwa watoto wa ughaibuni waliotangulia kusoma Kiingereza, kazi ni kinyume chake: wapewe wiki kadhaa za irabu tu, la sivyo i ya kiti wataisoma kwa sauti ya Kiingereza.

Vitabu vipo, na vingine ni bure. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi nyingi fupi za Kiswahili zenye picha, zilizopangwa kwa viwango na zenye ruhusa ya kuchapishwa. Taasisi ya Elimu Tanzania huweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, kipindi cha runinga Akili and Me cha Ubongo, shirika la Dar es Salaam, husaidia herufi na namba, ingawa runinga haichukui nafasi ya mtu anayesoma na mtoto mapajani.

Hesabu

Mtoto aguse kabla ya kuandika: kokwa, kete za bao, vizibo vya soda, punje za mahindi. Majina ya namba za Kiswahili yenyewe hufundisha, kwani kumi na tatu ni kumi na tatu kweli, na mtoto akipanga fungu la kumi na punje tatu kando anaona alichokitamka. Mtaala wa Singapore, uliotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hufuata njia ya vitu, kisha picha, kisha alama. Vitabu vyake vinauzwa kwa Kiingereza, lakini mzazi anaweza kufuata mpangilio na kueleza kwa Kiswahili.

Aina za mitaala

Mitaala ya serikali ni mahali salama pa kuanzia kwa familia inayoona uwezekano wa kurudi shule. Kenya ilieneza mtaala wa umilisi nchi nzima kuanzia Januari 2019, ukianza na madarasa ya awali PP1 na PP2 na Gredi 1 hadi 3, na taasisi ya mitaala KICD hutoa miongozo inayosema mtoto aweze kufanya nini katika kila eneo. Tanzania ilianza kutekeleza mtaala wake mpya Januari 2024. Miongozo hii haimwambii mzazi aseme nini Jumatatu asubuhi, na hiyo ni nafuu: inaonyesha anakoelekea na kumwachia njia.

Mitaala ya vifurushi humpa mzazi kila kitu. Accelerated Christian Education, iliyoanzishwa Texas mwaka 1970 na kusambaa hadi Afrika Mashariki, hutumia vijitabu ambavyo mtoto hujaza mwenyewe na kujisahihisha. Humpunguzia kazi mzazi mwenye watoto wengi wa rika tofauti. Kwa mtoto wa miaka 5 au 6 si chaguo zuri: kujaza nafasi zilizoachwa wazi humfunza kutafuta neno kwenye ukurasa, wakati anachohitaji ni kuzungumza, kuuliza na kusimulia.

Njia ya Mason huweka vitabu vyenye masimulizi hai badala ya muhtasari, na mtoto husimulia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Inamfaa sana mtoto wa jamii yenye ngano, na haina gharama kubwa. AmblesideOnline hutoa mpango mzima bure. Orodha yake ya vitabu, hata hivyo, ni ya Kiingereza na ya Uingereza ya zamani, hivyo mzazi abakize utaratibu na kubadilisha vitabu. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, alisisitiza kazi halisi: kumimina maji, kufagia, kufunga vifungo, kupitisha kidole juu ya herufi za karatasi ya msasa. Vifaa vyake rasmi ni ghali, lakini herufi za msasa hukatwa nyumbani kwa mkasi.

Mfano wa karibu zaidi uko Mombasa. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said na wenzake walianza mpango wa Madrasa. Uliunganisha mafunzo ya dini ya Kiislamu na elimu ya awali ya kucheza na kugundua, ukitumia vifaa vinavyopatikana mtaani, na baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Mzazi asiyejua aanzie wapi kupanga kona ya kujifunzia atajifunza mengi kwa kutembelea shule moja ya namna hiyo kuliko kwa kupekua katalogi.

Kumbukumbu na kurudi shule

Kila Ijumaa mzazi aweke kwenye faili karatasi moja ya maandishi, mchoro mmoja na orodha ya hadithi zilizosomwa, zenye tarehe. Baada ya miezi mitatu alinganishe. Mtoto asiyesonga mbele kwa kipindi hicho huenda anahitaji njia nyingine, au kupimwa macho na masikio, kabla ya kununuliwa mtaala mpya. Mtoto anayelia kila kitabu kifunguliwapo apumzishwe wiki kadhaa, arudishwe kwenye hadithi za kusikiliza.

Atakayerudi shule ni vyema arudi mapema. Nchini Kenya tathmini ya Gredi 6, KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2022, huambatana na alama za kazi zilizofanyika shuleni katika gredi zilizotangulia, hivyo anayeingia mwishoni hukosa sehemu ya alama hizo. Shule inayompokea kwa kawaida humpa jaribio la kusoma na hesabu. Ikiwa inafundisha kwa Kiingereza na mtoto amesoma kwa Kiswahili, mzazi aombe mahojiano ya ana kwa ana, amwachie mtoto asome kwanza kwa lugha anayoimudu, na amwonyeshe mwalimu lile faili.