Kompyuta Ikitapatapa: Ugonjwa Uliojulikana Tangu 1968

Leo tuongee kuhusu ugonjwa ambao kila mwenye kompyuta ya kumbukumbu ndogo anaujua. Umefungua barua pepe, ukafungua gazeti, ukaongeza video moja, halafu waraka wa kazi. Ghafla kipanya kinagoma. Taa ya diski inawaka bila kupumzika. Unabonyeza herufi, inatokea baada ya nusu dakika. Wengi husema ni virusi, wengine husema mashine imezeeka. Mara nyingi si virusi wala uzee. Mashine inatapatapa, na historia ya kutapatapa huko ni ndefu kuliko umri wa wengi wetu.

Tuanzie Manchester, Uingereza. Tarehe 7 Desemba 1962 ilizinduliwa huko kompyuta iitwayo Atlas, kazi ya Chuo Kikuu cha Manchester na kampuni ya Ferranti, Tom Kilburn akiongoza. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa ya pete ndogo sana za sumaku zilizopitishwa nyaya. Ilibeba maneno 16,384 ya biti 48, yaani chini ya kilobaiti 100 kwa hesabu ya leo. Pete hizo zilikuwa ghali mno. Kwa hiyo nyuma yake waliweka ngoma za sumaku zinazozunguka, zenye nafasi ya maneno 98,304. Ngoma zilikuwa nafuu, lakini polepole.

Kabla ya hapo, mwandishi wa programu kubwa aliikata vipande kwa mkono, akapanga mwenyewe kipande gani kiingie na kipi kitoke. Kazi ya kuchosha! Kilburn na wenzake waliamua mashine ijifanyie. Waligawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512. Programu ikihitaji ukurasa ambao haupo kwenye pete, mashine inaufuata kwenye ngoma, na nafasi ikikosekana inarudisha ukurasa mwingine huko. Mwandishi wa programu aliona kumbukumbu moja kubwa, ngoma asizione kabisa.

Fikiria fundi cherehani mwenye meza ndogo na stoo ng'ambo ya ua. Vitambaa vya nguo anayoshona viko mezani, vingine viko stoo. Akienda stoo mara moja kwa saa, siku yake inakwenda vizuri. Wateja kumi wakimsimamia wote wakitaka kushonewa kwa wakati mmoja, kila mshono unamrudisha stoo. Jioni amechoka, na hakuna nguo iliyokwisha.

Hayo ndiyo yaliyozikuta kompyuta kubwa za miaka ya 1960 zilipoanza kuhudumia watu wengi kwa pamoja. Wahandisi waliona jambo la ajabu: unaongeza programu moja tu, na mashine yote inaanguka. Haipungui kasi kidogo kidogo, inaanguka. Sababu ni hesabu. Kufuata ukurasa nje ya kumbukumbu kulichukua maelfu ya mara ya muda wa kuusoma ukiwa ndani. Programu ya kwanza ikileta ukurasa wake, inaufukuza wa programu ya pili. Ya pili ikipata zamu, inaufuata wake na kufukuza wa tatu. Prosesa imekaa bure ikisubiri. Mbaya zaidi, msimamizi wa kazi akiona prosesa imekaa bure anaweza kudhani kazi ni chache, akaingiza programu nyingine!

Aliyeueleza ugonjwa huu vizuri ni Peter Denning, aliyefanya utafiti wake wa udaktari pale MIT, Marekani. Mwaka 1968 alichapisha makala mbili. Ya kwanza ilieleza kwamba programu haitumii kurasa zake zote sawasawa. Kwa kipindi fulani inashughulika na kurasa chache, kisha inahamia nyingine. Kurasa ilizozigusa karibuni ndizo tutakazoziita fungu lake la kazi. Ya pili ilieleza kutapatapa na namna ya kukuzuia. Dawa yake ni rahisi kuisema: usiiruhusu programu iendeshwe kama fungu lake la kazi halienei. Iache ingoje nje mpaka nafasi ipatikane.

Nataka uishike hiyo dawa, maana ndiyo kiini cha hadithi. Dawa hiyo ya Denning haikuwa kununua kumbukumbu zaidi. Alisema lazima mtu angoje.

Katika kompyuta kubwa jambo hilo liliwezekana. Kazi ya mishahara ingeweza kungoja hadi usiku bila mtu kulia. Lakini mwaka 1985 Intel ilitoa prosesa ya 386, yenye uwezo wa kushughulikia kurasa za kilobaiti 4, na kumbukumbu ya kuazima ikaingia kwenye kompyuta za mezani. Linux nayo iliipata mapema. Mwishoni mwa 1991 mtumiaji mmoja Ujerumani alikuwa na megabaiti 2 tu, akashindwa kukompaili kiini cha Linux. Linus Torvalds alitumia Krismasi hiyo kuandika sehemu ya kupeleka kurasa kwenye diski, na toleo 0.12 la Januari 1992 likatoka nayo.

Sasa kwenye mashine ya mezani, nani angoje? Programu zote ni zako. Ukisimamisha kivinjari, mwenyewe atasema kompyuta imekufa. Basi mifumo mingi ilichagua kutomkataa yeyote, na wote wakakwama pamoja. Pengo nalo lilikua: diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10 kuleta kitu, RAM huchukua chini ya mikrosekunde 1.

Kuna wanaosema, "Basi zima swapu." Haisaidii kila mara. Kumbukumbu ikibana, kiini cha Linux hutupa kurasa za msimbo wa programu, kwa kuwa nakala ziko kwenye diski. Sekunde hiyo hiyo msimbo unahitajika tena, unasomwa tena. Unatapatapa bila swapu hata kidogo! Agosti 2019 malalamiko haya yalifika kwa waandishi wa kiini cha Linux: mashine ya gigabaiti 4 bila swapu, fungua vichupo vya kivinjari, itaganda kwa dakika kadhaa.

Wakati huo kipimo kizuri kilikuwa kimeshapatikana. Toleo 4.20 la Desemba 2018 liliingiza kazi ya wahandisi wa Facebook inayopima muda ambao programu hupoteza zikisubiri kumbukumbu. Kwa kipimo hicho, programu iitwayo systemd-oomd huua kazi moja kabla mashine haijakwama. Ubuntu 22.04 ilipoiwasha mwaka 2022, wengi walilalamika kwamba kivinjari chao kimeuawa ghafla. Umeona? Jana walilia kugandishwa, leo wanalia kuuliwa.

Simu za Android zilikubali ukweli huu tangu mwanzo. Kumbukumbu ikibana, programu iliyo nyuma inauawa, na iliyo mbele yako inaendelea. Ndiyo maana kwenye simu ya bei ndogo ukitoka kwenye fomu uliyokuwa ukijaza ili usome ujumbe, ukirudi unaweza kuikuta tupu.

Diski za kisasa za SSD zimelipunguza pengo, hazijaliondoa. RAM nayo si kila mtu anaweza kuiongeza, hasa anayenunua kompyuta ya mitumba. Kwa hiyo mashine ikianza kusuasua, usisubiri igande. Wewe ndiwe msimamizi wa kazi. Amua nani angoje, ufunge programu moja nzito mapema, maana ikishaganda hata amri ya kufunga itakaa foleni. Usipochagua wewe, itachagua mashine, nayo haijui ni fomu gani ulikuwa hujaihifadhi.

Haya, hadi wakati mwingine. Hifadhini kazi zenu!