SARATANI YA UMIO (Bonde la Ufa)

Maradhi ya njia ya chakula ambayo, hususan pande za Bomet, kusini-magharibi mwa Nakuru, huwapata hata vijana wasiozidi miaka 30, kama daftari za Hospitali ya Tenwek zinavyoshuhudia. Kwa kuwa si wachache miongoni mwa vijana hao walio na jamaa waliougua maradhi yayo hayo, wataalamu hudhani kwamba hitilafu za jeni zirithiwazo zina sehemu yake. Walakini, kwa vile watu wa nasaba moja hurithiana pia ada, mathalani kunywa chai ya moto mno, ukoo pekee si hoja ya kutosha. Kinyume cha BRCA1, jeni iliyobainishwa mwaka 1994, ambayo hitilafu yake huzidisha mno hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, hapa haijathibitika jeni moja iliyo asili ya maradhi.