Picha za Mkunazini

Nimerudi tena Mkunazini, Unguja, na kamera yangu. Mara ya kwanza nilipiga picha kanisa kuu likiwa tupu. Ikatoka nzuri, ila haikusema kitu. Basi sasa nawapiga picha wageni. Wanaingia wakicheka, wanaonyeshwa madhabahu: hapo, yasimuliwa, ndipo watumwa walipochapwa. Kicheko kinakatika. Nabonyeza.

Soko la watumwa lilifungwa 1873, ujenzi ukaanza mwaka huohuo. Mgeni huondoka akidhani yaliisha hapo. Wapi! Askofu Edward Steere, msimamizi wa ujenzi, alizikwa nyuma ya madhabahu hiyo 1882, na nje watu walikuwa bado mali ya watu. Utumwa ulifutwa kisheria 1897. Miaka hiyo haipigiki picha. Ndiyo maana, ndugu msomaji, nyuma ya kila picha naandika: 1897.