Christopher Tin

Christopher Tin (amezaliwa Redwood City, California, 21 Mei 1976) ni mtunzi wa muziki wa orkestra na kwaya kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa wimbo wa Kiswahili "Baba Yetu", alioutunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV wa mwaka 2005. Mnamo Februari 2011 wimbo huo ulipata Tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kushinda tuzo hiyo.

Maneno ya "Baba Yetu" yanatokana na Sala ya Bwana, ambayo Wakristo wa Afrika ya Mashariki wameisali kwa Kiswahili tangu karne ya 19.

Maisha ya awali na elimu

Tin ni mtoto wa wazazi waliohamia Marekani kutoka Hong Kong. Alikulia Palo Alto, California. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambako alichukua masomo ya muziki pamoja na fasihi ya Kiingereza. Baadaye alipata ufadhili wa Fulbright, akaenda Uingereza kusomea utunzi katika Chuo cha Kifalme cha Muziki (Royal College of Music), London.

Akiwa Stanford alikaa chumba kimoja na Soren Johnson, ambaye baadaye akawa mbunifu mkuu wa mchezo wa Civilization IV. Ni Johnson aliyemwomba mwenzake wa zamani atunge wimbo wa kufungulia mchezo huo.

"Baba Yetu"

Katika michezo ya Civilization mchezaji huanza na kabila dogo na kulijenga hadi liwe taifa kubwa, kwa kupitia maelfu ya miaka ya historia. Tin alichagua kuufungulia kwa sauti ya kwaya ya Kiafrika, na kwa maneno ya sala badala ya shairi jipya.

Tin hakukulia katika Kiswahili. Maneno ya wimbo yalitayarishwa na Mkenya Chris Kiagiri. Mara ya kwanza wimbo ulirekodiwa na Talisman, kundi la waimbaji wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwimbaji mmoja huanza na kwaya humwitikia. Ngoma na orkestra huingia na kuongezeka nguvu kadiri wimbo unavyoendelea.

Msikilizaji anayeijua sala hiyo atatambua mara moja kwamba haikuimbwa neno kwa neno. Neno "yetu" linarudiwarudiwa ili kujaza mapigo ya muziki. Neno "amina", ambalo kwa kawaida hufunga sala, linasikika tangu mwanzoni. Baadhi ya sehemu zinarudi kama kiitikio. Kwa hiyo "Baba Yetu" ni wimbo wa jukwaani uliojengwa juu ya sala, na hautungiwi kwa kufuata utaratibu wa ibada kama ilivyo misa ya kuimbwa kanisani.

Tangu hapo wimbo umeimbwa na kwaya nyingi duniani, zikiwemo kwaya ambazo waimbaji wake hawasemi Kiswahili. Kwaya ya Angel City Chorale ya Los Angeles iliuimba mwaka 2018 katika kipindi cha televisheni cha America's Got Talent. Wimbo huo pia umetumika katika maonyesho ya chemchemi ya maji ya Dubai.

Sala ya Bwana kwa Kiswahili

Maneno aliyoyatumia Tin yana historia ndefu kuliko wimbo wenyewe. Miongoni mwa watafsiri wa mwanzo wa maandiko ya Kikristo kwa Kiswahili alikuwa Edward Steere, askofu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Zanzibar, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1876 Steere huyohuyo aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar hadi Masasi, ambayo leo iko katika Mkoa wa Mtwara, kaskazini ya mto Ruvuma. Walianzisha kijiji cha Kikristo huko. Mwaka 1906 Wabenedikto wa Kanisa Katoliki walianzisha misheni ya Ndanda katika eneo hilohilo.

Kwa njia hiyo sala ya Kiswahili ilifika katika nchi ya Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao kila mmoja wana lugha yao. Watu waliotoka makabila mbalimbali waliweza kusali pamoja kwa lugha moja. Sala hiyo ilikuwa imeshazoeleka katika vinywa vya watu wa pwani na bara kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuingia katika mchezo wa kompyuta.

Calling All Dawns na Tuzo za Grammy

Mwaka 2009 Tin alitoa albamu yake ya kwanza, Calling All Dawns. Ina nyimbo 12 katika lugha 12, zikiwemo Kijapani, Kichina, Kireno, Kiebrania, Kiajemi, Kisanskriti na Kimaori. Nyimbo zimepangwa katika sehemu tatu: mchana, usiku na mapambazuko. Zinafuatana bila kukatika, na wimbo wa mwisho unarudia muziki wa wimbo wa kwanza, kama siku inavyorudi baada ya usiku.

Wimbo wa kwanza ni "Baba Yetu", safari hii ukiimbwa na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini pamoja na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Kutolewa upya katika albamu hii ndiko kulikouwezesha kushindania Grammy miaka kadhaa baada ya mchezo kutoka. Tin alipata tuzo mbili: moja kwa mpangilio wa ala katika "Baba Yetu", nyingine kwa albamu nzima katika kundi la muziki wa klasiki mseto.

Kazi za baadaye

Albamu ya pili, The Drop That Contained the Sea (2014), inahusu maji katika hali zake mbalimbali, na ina nyimbo 10 katika lugha 10. Mmoja wao, "Waloyo Yamoni", unatumia maneno ya maombi ya mvua katika Kilango, lugha ya kaskazini mwa Uganda. Jina lake lina maana ya "tunaushinda upepo".

Mwaka 2016 Tin alitunga "Sogno di Volare" kwa ajili ya Civilization VI, kwa Kiitalia, akitumia maandishi ya Leonardo da Vinci kuhusu kuruka angani. Wimbo huo ukawa mwanzo wa To Shiver the Sky (2020), kazi inayosimulia historia ya usafiri wa anga. Gharama zake zilichangiwa na wasikilizaji kupitia intaneti, na mchango ulizidi dola 200,000.

The Lost Birds (2022), iliyoimbwa na kundi la Voces8 la Uingereza, ni maombolezo ya ndege waliotoweka duniani kwa sababu ya binadamu. Iliteuliwa kushindania Grammy.

Mwezi Mei 2024 Washington National Opera iliigiza Turandot, opera ambayo Giacomo Puccini aliiacha bila kuimaliza alipofariki mwaka 1924, ikiwa na mwisho mpya uliotungwa na Tin kwa maneno ya Susan Soon He Stanton.

Albamu

- Calling All Dawns (2009)
- The Drop That Contained the Sea (2014)
- To Shiver the Sky (2020)
- The Lost Birds (2022)

Nyimbo za michezo ya Civilization

- "Baba Yetu" (Civilization IV, 2005), Kiswahili
- "Sogno di Volare" (Civilization VI, 2016), Kiitalia
- "Live Gloriously" (Civilization VII, 2025)