Mlima na Kaskazini: Historia ya Pengo la Elimu Lililogeuzwa Kuwa Tabia

Wamagana, mji mdogo ulio makao ya utawala ya Tetu magharibi mwa Nyeri, umezungukwa na shule ambazo mtoto huzifikia kwa miguu. Ujirani huo wa shule umezaa imani iliyoenea kote Kenya kwamba watu wa Mlima Kenya wamezaliwa na kiu ya elimu, na kwamba wafugaji wa kaskazini wao hawapendi shule. Kaskazini nako hazikosekani kejeli za kujibu, kwani kwa miaka mingi mkazi wa Marsabit au Wajir aliyefunga safari ya Nairobi alisema kwamba anakwenda Kenya, kana kwamba nchi yenyewe ilianzia mbele ya kizuizi cha polisi cha Isiolo. Pengo lenyewe si la kubuni: ripoti iliyotolewa mwaka 2013 na Shirika la Takwimu la Taifa kwa kutumia sensa ya 2009 ilionyesha kuwa asilimia 82 ya wakazi wa Turkana hawakuwa na elimu rasmi, ilhali asilimia 51 ya wakazi wa Nairobi walikuwa wamefika sekondari au zaidi. Linalohitaji kuchunguzwa ni chanzo chake, kwa maana historia haiungi mkono dai kwamba kabila moja lilipenda kalamu na jingine likaichukia.

Wamisionari wa Consolata waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902 kupitia Tuthu, wakasogea hadi Nyeri, na mwaka 1908 Misheni ya Kanisa la Scotland ikafungua kituo cha Tumutumu karibu na Karatina. Mapokezi yao hayakuwa ya shangwe. Wazee wengi walikataa kuwatoa wavulana waliohitajika kuchunga mbuzi, na waliotangulia kuingia darasani, walioitwa athomi, yaani wasomaji, mara nyingi walikuwa watoto wa maskini au wa watu wasio na ardhi, nao walionekana kuwa wameupa kisogo ukoo wao. Lawama ambayo baadaye ingetupiwa mfugaji wa kaskazini, kwamba anathamini mifugo kuliko daftari, ilimstahili kikamilifu mzee wa Nyeri wa wakati huo.

Kilichowageuza wazee hao ni shida walizoletewa na ukoloni. Mashamba ya walowezi, kodi ya nyumba na kipande, yaani cheti cha kazi ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, viliwafunza kwamba asiyejua kusoma hawezi hata kuandika malalamiko yake. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa katika miaka ya 1920 yalipata uwezo wa kutoza fedha za maendeleo, shule zikiwamo, na mwaka 1933 shule ya serikali ya Kagumo ikafunguliwa. Wakati huohuo mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana uliwatenga waumini wengi na misheni, nao wakaanzisha shule zao wenyewe chini ya vyama viwili, KISA na Karing'a, ambavyo mwaka 1939 vilipata chuo cha ualimu huko Githunguri. Serikali ilizifunga shule hizo baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, lakini mazoea ya kijiji kujichangia ili kijenge darasa yalikuwa yameota mizizi, na baada ya uhuru yakazaa shule za harambee.

Hata hivyo, shule za mlimani hazikuwa za fahari. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Tetu mwaka 1940, alianza masomo baada ya kaka yake kumuuliza mama yao kwa nini binti huyo haendi shule kama wao, akaingia katika shule ya kuta za udongo ambako wanafunzi walileta majivu kutoka nyumbani ili kutuliza vumbi na kuua viroboto sakafuni. Tofauti ni kwamba shule hiyo ilikuwepo, na ilikuwa karibu na nyumbani.

Kaskazini mambo yalikwenda kinyume, na kwa amri ya serikali. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za pembezoni iliruhusu eneo kufungwa, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikafungwa mwaka 1926 hata asiye mwenyeji asiingie bila kibali, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikawapa maofisa mamlaka makubwa ya kukamata watu na kudhibiti njia za malisho. Serikali iliitazama nchi hiyo kuwa kinga dhidi ya Wahabeshi na Waitalia, haikuona sababu ya kuigharimia, na wamisionari nao, isipokuwa wachache kama Waanglikana walioanza Marsabit mwanzoni mwa miaka ya 1930, walizuiwa au hawakwenda. Elimu haikukosekana kabisa, kwa kuwa watoto wa Kisomali walisoma dugsi, yaani chuo cha Kurani ambacho mwalimu wake aliweza kuhama pamoja na ngamia, lakini elimu hiyo haikuhesabiwa ilipofika zamu ya kugawa kazi na vyeo. Baada ya uhuru vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vilileta hali ya hatari ambayo haikuondolewa hadi mwaka 1991.

Katika mazingira hayo ndipo dhana ya tabia ilipoingia katika sera. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Sifa nne za kwanza zilikuwa matokeo ya hali ya nchi na uwekezaji wa kikoloni, na ya tano ilikuwa hukumu juu ya watu. Hivyo aliyepata shule kwanza alihesabiwa kuwa mpenda maendeleo, akaongezewa nyingine, na aliyenyimwa akaambiwa kwamba hakuwa tayari. Lami iliishia Isiolo kwa miongo kadhaa, na ile ya kwenda Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010.

Marekebisho hayakukosekana, ila mengi yalichechemea. Mwaka 1971 karo ya msingi ilifutwa katika wilaya kame, na shule za bweni za gharama nafuu zikajengwa kwa ajili ya wafugaji, lakini agizo lililoanza kutekelezwa mwaka 1974, lililofuta karo ya madarasa manne ya kwanza nchini kote, lilifuatwa na michango ya ujenzi iliyowarudisha wengi nyumbani. Utaratibu wa mwaka 1985 wa kutenga asilimia 85 ya nafasi za sekondari kwa wanafunzi wa eneo husika ulinung'unikiwa mlimani, kwa sababu ulibana watoto waliozoea kuvuka mipaka kufuata shule bora. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003, chini ya Rais Mwai Kibaki wa Othaya katika Nyeri, iliondoa karo bila kuondoa umbali. Ukosefu wa usalama nao ukazidisha tatizo: walimu walikuwa miongoni mwa abiria waliouawa na magaidi katika basi la Mandera Novemba 2014, watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, na mwaka 2020 Tume ya Utumishi wa Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Shule zilizobaki bila mwalimu wa hesabu hazikuwa na uhusiano wowote na mapenzi ya mzazi kwa elimu.

Katiba ya mwaka 2010 iliigeuza hoja ya 1965 kwa kuanzisha Mfuko wa Usawazishaji, unaopata nusu ya asilimia ya mapato ya taifa ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, na mwaka 2013 kaunti 14 ziliorodheshwa kunufaika. Mabishano ya kisheria yalichelewesha fedha zake, na Katiba yenyewe inaukomesha baada ya miaka 20, Bunge lisipoongeza muda. Ikumbukwe kwamba kutoka kufunguliwa kwa Tumutumu hadi kufunguliwa kwa Kagumo ilipita miaka 25, katika nchi yenye mvua, njia na wamisionari waliokuwa wakishindana kupata wanafunzi. Kuitarajia kaskazini ifike huko kwa muda mfupi zaidi, kisha kuilaumu kwa uzito wa moyo isipofika, ni kurudia kosa la 1965 kwa maneno mapya.